Shati Lisilotaka Pasi

Watu wote walimwita Dobi, hata wale ambao hawakuwahi kumpelekea leso. Jina alilobatizwa nalo lilikwisha kusahauliwa na baadhi ya ndugu zake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkono wake wa kulia mnene kuliko wa kushoto kwa ajili ya pasi, na alikuwa na tabia ya kukutazama kola kabla ya kukutazama uso. Tumekuwa majirani tangu enzi ambazo sote wawili tulikuwa na meno kamili. Kisa hiki nilisimuliwa na yeye mwenyewe, kisha na wifi yake, kila mmoja kwa wakati wake, barazani kwangu. Walitofautiana katika mambo madogo tu, na hapo walipotofautiana nimemwamini yule aliyejisema vibaya zaidi.

Alifanya kazi katika klabu ya gofu iliyo nyuma ya mtaa wetu, katika chumba cha kufulia kilichopakana na jiko. Humo mlikuwa na makaro ya saruji, kamba zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu lenye alama za kuungua, na sufuria ya wanga iliyotokota taratibu kila asubuhi. Wanga ndio uliompatia heshima. Vitambaa vya meza vilivyopita mikononi mwake vilishuka kwa mikunjo iliyonyooka kama uzi wa mwashi, na wapishi walikuwa wakitania kwamba makoti yao, Dobi akishayamaliza, yangeweza kwenda kazini yenyewe.

Kaka yake, fundi wa majokofu, alikuwa ameoa muuguzi. Binti yao alikuwa bado anatambaa muuguzi alipopata kazi ng'ambo, kazi ambayo watu wa hali yao wasingeweza kuikataa. Ilikubaliwa kwamba mtoto akae na shangazi yake kwa muda. Muda ule ulirefuka, kama ujuavyo muda wa namna hiyo. Mtoto alilala ndani ya kapu la taulo, akajifunza kusimama kwa kushika mguu wa meza ya pasi, na miongoni mwa maneno yake ya kwanza, kabla hata ya kusema maji, ni moto. Alipoanza kusema hakunyamaza tena, ndipo akaitwa Chiriku.

Dirisha la chumba kile lilitazama kiwanja cha mazoezi. Chiriku alikuwa akipanda juu ya ndoo iliyofudikizwa na kuwatazama watu wazima wakiinama juu ya kimpira kidogo, wakinyamaza, wakikunja nyuso, kana kwamba wamepoteza pete. Aliwaiga kwa kijiti cha kukorogea wanga. Mwalimu wa watoto wa klabu akamwona, akacheka, akamkatia fimbo iliyovunjika mpini ikamfika kiunoni. Na katika muda usio mrefu kicheko cha mwalimu kiligeuka kuwa jambo jingine, kwa maana mtoto yule alipopiga mpira, mpira ulikwenda alikoutuma. Jioni Dobi alikuwa akiegemea dirisha, mikono ina povu, akimtazama. Nilipita hapo mara nyingi. Sijapata kuona mtu akipumzika vizuri namna ile akiwa amesimama.

Kisha muuguzi akarudi.

Alirudi na masanduku, na katika sanduku mojawapo mlikuwa na mashati ya michezo, mepesi, yenye rangi za kupendeza, ya kitambaa kinachoteleza vidoleni kama samaki. Alimkabidhi binti yake mbele ya jamaa wote, akasema kwa furaha, bila nia yoyote mbaya, kwamba mashati haya hayataki pasi kabisa: unafua, unatundika, unavaa. Dobi alikuwa ameketi karibu na mlango. Aliniambia kwamba maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hayakumuua, ila kila alipomeza aliyasikia.

Chiriku akahamia kwa wazazi wake, uchochoro wa tatu kutoka kwetu. Aliendelea kupita chumba cha kufulia baada ya shule, lakini sasa alikuja na habari za huko. Mama anasema hivi. Mama anajua kusuka hivi. Dobi alikuwa akiitikia, "Kumbe," na kukandamiza pasi. Yale mashati yalipoletwa pamoja na nguo nyingine za mtoto, aliyatundika mwisho kabisa wa kamba, mbali na wenzao, kama wageni waliofika bila mwaliko. Wifi yake alipomshukuru kwa malezi alijibu kwa adabu zote. Wawili hao hawakuwahi kupandishiana sauti. Waliitana wifi kwa upole uliokuwa na makali kama kisu kilichofunikwa kitambaa.

Ikatangazwa michuano ya gofu ya watoto, ya siku mbili, katika uwanja ulio kando ya bahari, safari ya kutwa kwa gari. Mwalimu alisema Chiriku aende. Muuguzi, ambaye alikuwa na likizo yake, akaona ni nafasi ya kuwa familia kwa mara ya kwanza: wapange nyumba karibu na ufuko, asubuhi mtoto acheze, mchana wote waoge baharini. Akamwalika na wifi yake. Dobi hakuwahi kwenda likizo maishani mwake. Alipoombwa ruhusa, meneja wa klabu alidhani ni msiba.

Kulikuwa na sharti moja. Kila mtoto angeandamana uwanjani na mtu mzima mmoja tu wa nyumbani kwake, wa kumvutia mkoba wa fimbo, kumfutia mipira na kumpa maji. Waliosalia wangefuata nyuma ya kamba, kimya. Dobi aliposikia sharti lile hakulala vizuri. Hakutaka bahari, wala hakutaka kikombe cha ushindi. Alitaka kuvuta mkoba ule. Ni yeye aliyeufuta vumbi miaka yote, ni yeye aliyejua kwamba Chiriku hupenda taulo lililoloweshwa upande mmoja na kukaushwa upande wa pili.

Njiani suala likazuka ndani ya gari. Fundi wa majokofu, mtu mwema lakini mwoga wa wanawake wawili wasiokubaliana, alikaza macho barabarani akasema aulizwe mtoto mwenyewe. Mtoto aliulizwa. Akaanza kueleza kwa kirefu jinsi kaa wanavyotembea upande upande, na kama kuna kaa anayeweza kwenda mbele. Hapo baba akakata shauri kwamba, kwa kuwa mama yake ndiye aliyemwandikisha, mama yake ndiye atakayevuta.

"Sawa kabisa," Dobi akasema kutoka kiti cha nyuma. "Mimi basi nitamvalisha."

Wengine huenda baharini na mwavuli. Yeye alikwenda na pasi, ameiviringisha ndani ya taulo, na kopo la wanga. Alikuwa pia amenunua shati jeupe la pamba, lenye kola, la heshima. Jioni ile, wenzake walipokuwa wakikanyaga maji ya ufukweni, yeye alibaki katika jiko la nyumba ya kupanga akichemsha wanga. Alichovya shati, akalianika penye upepo, akalitazama, akaona haitoshi, akalichovya tena. Alinieleza alichokuwa akiwaza. Alitaka kila mtu atakayemwona Chiriku kesho, bila kuambiwa na mtu, ajue kwamba mtoto huyu ana mwenyewe.

Asubuhi Chiriku alitoka chumbani amenyooka kama mlango. Mama yake alikuwa ameshika mkononi lile shati la kuteleza la rangi ya chungwa. Akalitazama shati jeupe, akamtazama wifi yake, akalirudisha la chungwa sandukuni.

"Nafanana na askari, Shangazi," mtoto akasema.

"Askari hajawahi kuvaa hivyo," Dobi akajibu.

Sasa, hewa ya bahari ina unyevu, na wanga na unyevu ni maadui. Asubuhi wanga ulilainika ukawa kama gundi. Jua lilipopanda ukakauka upya, mgumu kuliko mwanzo, ukashika kila pembe jinsi ulivyoikuta. Chiriku alipoinua mikono kupiga, shati lilikataa kuinuka naye. Mpira wa kwanza ulikwenda mchangani. Wa pili ulipita bendera ukaingia majanini. Katika mchezo huo anayepiga mara chache ndiye mshindi, na Chiriku alipiga, akapiga, akapiga. Alinyamaza. Mtoto aliyekuwa akizungumza na mipira, na ndege, na fimbo zake kwa majina, alitembea uwanja mzima bila kufungua kinywa. Mama yake alivuta mkoba kando yake, akimnong'oneza avute pumzi, asijali, aendelee. Na kadiri alivyonong'ona ndivyo mtoto alivyozidi kujikaza.

Nyuma ya kamba, Dobi aliona yote. Hapa nilimuuliza kama nimesikia vyema, naye akarudia bila kuficha. Moyo wake ulipiga vigelegele. Kila mpira uliopotea alijisemea, ona, ungekuwa na mimi usingepotea. Alitamani hata watu waliokuwa karibu naye wamuulize mtoto yule ana nini, ili aeleze kwamba hajamzoea mama yake bado.

Walipokuwa wamevuka nusu ya mashimo, Chiriku aliingiza kidole ndani ya kola akaivuta, haraka, kisha akatazama upande wa kamba kuona kama ameonekana. Dobi akageuzia macho mabega ya shati. Mikono ya mtoto ilikuwa juu, na mikunjo ya pasi haikuvunjika. Dobi yeyote angeelewa. Alielewa papo hapo, na vigelegele vikakatika, lakini hakuita, wala hakunyanyua mkono. Mkoba ulikuwa bado mikononi mwa wifi yake.

Chiriku alimaliza siku karibu na mkiani.

Mchana ule walishuka ufukweni kama walivyopanga. Fundi wa majokofu alilala juu ya mkeka, kofia usoni. Chiriku aliingia majini hadi kifuani tu na kusimama hapo, shingo ameinyoosha nje kama kobe, ingawa huko nyumbani hakuna bwawa ambalo hakulipigia mbizi. Dobi alikaa mchangani na viatu vyake, akikunja taulo ambazo bado zilikuwa zikitumika. Muuguzi akatoka majini, akaja kuketi kando yake. Alikaa muda mrefu akimwaga mchanga kutoka kiganja kimoja hadi kingine.

"Wifi, kesho uende wewe," akasema mwishowe.

"Niende wapi?"

"Kuvuta mkoba. Mimi namfunga mikono. Si umeona? Hajaninenea neno asubuhi nzima." Akatazama bahari. "Nilidhani nikirudi yatakwisha. Akishtuka usingizini anakuita wewe, unajua? Mimi ndiye ninayekwenda kumfunika, lakini anayeitwa ni wewe."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Maneno yaliyohitajika yalikuwa machache, na alikuwa nayo. Lakini alikuwa amesikia pia lile jambo jingine, kwamba anaitwa usingizini, na jambo hilo lilikuwa tamu mno hata hakutaka kitu chochote kiingie kinywani pamoja nalo.

"Haya, wifi," akasema. "Kama mwenyewe umeona hivyo."

Jua lilikuwa bado juu ya paa za nyumba aliposimamia kuoga kwa Chiriku, kama zamani. Mtoto alikataa kuinamisha kichwa chini ya bomba. Dobi akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kuzunguka shingo palikuwa na mstari mwekundu, umekatika mahali mahali, na chini ya kwapa ngozi ilikuwa imechubuka.

"Nini hiki?"

"Jua."

"Jua halipigi mstari, Chiriku."

Mtoto akacheza na kizibo cha chupa ya sabuni. "Usimwambie Mama. Atasema ni shati lako, halafu mtagombana kwa heshima, halafu nitakatazwa kuja kwenye pasi."

"Kwa nini hukulivua? Mama yako alikuwa nalo jingine."

"Ulikuwa unaangalia," Chiriku akasema.

Dobi alimpaka mafuta shingoni kwa vidole vilivyozoea vitu vya moto. Akamwogesha mwili uliobaki kwa kitambaa. Wakati wa chakula hakusema mengi, na kaka yake alimuuliza kama bahari imemchosha. Alijiambia kwamba kesho atamvalisha lile la rangi ya chungwa, atavuta mkoba, mtoto atacheza vizuri, na hakuna atakayejua lolote. Jambo zima lilikuwa limepangika kama nguo ndani ya kabati. Kilichomkera ni kwamba ndani ya kabati lile kulikuwa na mtu amefungiwa, na mtu huyo alikuwa wifi yake, ambaye angekwenda maisha yake yote akiamini kwamba mwanawe humwogopa. Na aliniambia, kwa ule ukweli wake usio na mapambo, kwamba alilitafakari hilo nalo, na kuna upande wake mmoja uliosema si vibaya.

Asubuhi alimkuta muuguzi jikoni akichemsha maji ya chai. Dobi alikuwa amebeba shati jeupe. Halikuwa limefuliwa. Alilisimamisha juu ya meza, nalo likasimama, lenyewe, mikono imejitanua, kama mtu anayesubiri kuhudumiwa.

"Hakukuogopa wewe," Dobi akasema. "Ni hili. Mtazame shingo."

Muuguzi akaligusa shati kwa kidole. Likatikisika, likabaki limesimama.

"Ulitia wanga kiasi gani?"

"Kiasi cha vitambaa vya meza. Mara mbili."

"Mtoto si meza, wifi."

Hapo, wote wawili wanakubali, kidogo wacheke. Mmoja wao angeanza, mwenzake angefuata. Lakini muuguzi alikuwa mtu wa kazi ya kuuliza maswali kwa mpangilio, akauliza lililofuata.

"Ulijua lini?"

"Jana. Mlipovuka nusu."

"Ukanyamaza. Na ufukweni nilipokwambia yale, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa umeshika mkoba."

Muuguzi akazima jiko. Akaenda chumbani, akatazama shingo ya mwanawe, akakaa humo kitambo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake imetulia. "Basi na leo nitauvuta mimi," akasema. "Si kwa kukuadhibu. Nataka kuutembea uwanja ule na mwanangu akiwa anaongea."

Dobi aliitikia kwa kichwa. Kwa hiyo alilipata alilolitaka mchana, na kulipoteza kabla ya chai, kwa mdomo wake mwenyewe. Alipokuwa akinisimulia aliongeza kwamba kama angejua itakuwa hivyo, labda angesubiri mpaka jioni ndipo aseme.

Chiriku akatoka na shati la rangi ya chungwa. Lilikuwa limekaa sandukuni likakunjika mgongoni, mkunjo mmoja mrefu. Vidole vya Dobi viliwasha. Hakuugusa.

Sitawachosha kwa kila shimo. Mtoto aliinua mikono na shati likainuka naye. Kufikia shimo la tatu alikuwa akimweleza mama yake fimbo ipi ina hasira na ipi ni mvivu, na mama yake alikuwa akicheka kwa sauti hata msimamizi akamwonyesha kidole mdomoni. Nyuma ya kamba, Dobi alisikia kicheko kile katika kila shimo. Alitembea akikipima kicheko, kama ni kirefu kuliko vile alivyozoea yeye kuchekeshwa. Aliona wifi yake akifuta mpira kwa taulo, kavu hivyo hivyo, akitawanya matope badala ya kuyatoa, na meno yake yakauma. Kisha Chiriku akalitazama taulo lile, akasema kitu, akaja mbio hadi kwenye kamba.

"Shangazi, taulo letu unalo?"

Alikuwa nalo. Alikuwa nalo begani siku zote mbili, upande mmoja umeloweshwa. Akampa. Mtoto akakimbia kurudi, na Dobi akasimama akilitazama taulo lake likienda kupokewa na mkono wa mtu mwingine, ambaye aligeuza upande wa maji, kisha upande mkavu, akijifunza.

Chiriku hakushinda. Alipanda kutoka mkiani hadi katikati, na mpira wake wa mwisho uliingia shimoni kutoka mbali, ukizunguka ukingo kwanza kama mtu anayepiga hodi. Alimrukia mama yake, aliyekuwa karibu. Baada yake akaja kwa baba, aliyekuwa amefika mbele. Halafu akaja kwa shangazi yake, na kumkumbatia kiunoni kwa muda ambao, Dobi anashikilia, ulizidi ile mingine. Muuguzi anasema ulikuwa sawa.

Mchana wakaoga baharini wote, hata Dobi, hadi magotini, amekunja gauni lake kwa mikunjo iliyolingana.

Walirudi nyumbani, na kila mtu kwenye kazi yake. Tangu hapo kila mwisho wa juma muuguzi hupita chumba cha kufulia na mashati ya kuteleza, yameshafuliwa, yameshakauka, hayana tatizo lolote, akayaweka mezani na kusema, "Wifi, nipigie haya." Na Dobi huyapokea. Huchomoa pasi ukutani, huiacha ipoe mpaka kiganja kinaweza kuivumilia, ndipo huipitisha juu ya kila shati, mbele na nyuma, kana kwamba inafanya kazi. Hakuna aliyewahi kusema neno juu ya jambo hilo. Mimi nimeliona kwa macho yangu, nikiwa nimepita kuchukua shuka zangu.

Siku hiyo hiyo niliyopita, Chiriku alikatiza kiwanjani akitoka mazoezini. Alipunga mkono kuelekea dirishani, akasema habari ndefu bila kusimama, kisha akaendelea hadi langoni, ambako mama yake alikuwa akimsubiri, akampokea mkoba. Dobi aliwafuata kwa macho mpaka wakapinda kona. Alikuwa amekwisha kuchomeka pasi tena, na chini yake palikuwa na foronya yangu. Nilipoifikisha nyumbani, mke wangu aliuliza ni nani aliyeipiga pasi kwa hasira namna ile, maana mkunjo wake ungeweza kukata mkate.